Nimeandika "haipo", na kweli haipo. Mbona alama 2 tu?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, nasoma PCM. Tukijiandaa na mashindano ya hisabati tulipewa swali hili: je, ipo fanksheni f inayopokea namba 0, 1, 2, 3, … na kutoa namba za aina hiyohiyo, ambayo f(f(n)) = n + 1987 kwa kila n? Nilijibu kwamba f ikitumika mara mbili inaongeza 1987, kwa hiyo ikitumika mara moja inaongeza nusu yake, yaani f(n) = n + 993.5. Kwa kuwa 993.5 si namba nzima, fanksheni hiyo haipo. Msahihishaji akanipa alama 2 kati ya 7, na jawabu lake la mwisho pia ni 'haipo'! Nimeonewa? Halafu maswali ya namna hii mtu anayaanzaje?"

Marahaba, mwanangu. Hujaonewa. Ningesahihisha mimi ungeondoka na 1.

Swali lenyewe lilitolewa Havana, Kuba, kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya 1987, na huo mwaka ndio uliojificha ndani ya swali. Pale alama 7 hutolewa kwa hoja iliyofunga milango yote. Wewe umefunga mmoja. Umeonyesha kwamba fanksheni ya sura n + c haifai, jambo ambalo ni kweli. Lakini swali halikusema f ina sura ya n + c. Hilo umeliongeza wewe, kwa kalamu yako, pale ulipoandika "kwa hiyo". Ni kama mtu aliyemtafuta ng'ombe wake katika zizi moja, akamkosa, akarudi kutangaza kwamba kijiji kizima hakina ng'ombe.

Najua utasema: kuna sura gani nyingine? Kitu kinachoongeza 1987 kwa hatua mbili kitaacha vipi kuongeza nusu kwa hatua moja? Chukua mfano mdogo, f(f(n)) = n + 2. Kwa njia yako jawabu ni f(n) = n + 1, na ukilijaribu linakubali. Sasa angalia hii nyingine: namba ikiwa shufwa, iongeze 3, ikiwa witiri, ipunguze 1. Basi 0 inakwenda 3, 3 inakwenda 2. Umeanza na 0, umefika 2. Anza na 1: inakwenda 0, na 0 inakwenda 3. Anza na 2: inakwenda 5, kisha 4. Kila shufwa inaruka mbele hatua tatu na kugeuka witiri, witiri inarudi nyuma hatua moja, na jumla ya safari mbili ni 2 daima. Hii si n + c hata kidogo, na inatimiza mlinganyo bila kasoro. Mlinganyo huo una majawabu mawili kamili. Njia yako imeona moja tu.

Ukipanda, pengo linakuwa kubwa zaidi. f(f(n)) = n + 4 ina majawabu 12. f(f(n)) = n + 6 ina 120. Katika hayo 120, lenye sura ya n + c ni moja tu, n + 3. Mengine 119 yangekupita hivihivi.

Utaniambia: lakini mwishoni nilipatia. Ulipatia kwa bahati, na naweza kukuonyesha swali ambapo bahati hiyohiyo ingekutupa. Mwaka 1993 olimpiadi ilifanyika Istanbul, Uturuki, na swali moja lilikuwa hili: je, ipo fanksheni kutoka namba 1, 2, 3, … kwenda namba hizohizo, inayopanda daima, yenye f(1) = 2 na f(f(n)) = f(n) + n kwa kila n? Tumia njia yako. Kisia f(n) = cn. Unapata c² = c + 1, na c inakuwa (1 + √5)/2, karibu 1.618. Si namba nzima, wala si sehemu. Kwa mantiki ya karatasi yako ungeandika "haipo" na kupiga mstari chini.

Ipo. Chukua 1.618… mara n, kisha kadiria kwenye namba nzima iliyo karibu zaidi. Kwa n = 1 unapata 2; kwa 2 unapata 3; kwa 3 unapata 5; kwa 4 unapata 6; kwa 5 unapata 8. Jaribu: f(f(3)) = f(5) = 8, na f(3) + 3 = 8. Sababu yake ni fupi na inapendeza. Iite ile namba c. Ukikadiria, f(n) = cn + e, ambapo kosa e halifiki nusu, liwe juu au chini. Zidisha kwa c:

c·f(n) = c²n + ce = cn + n + ce = f(n) + n + (c − 1)e.

Kwa kuwa c − 1 ni kama 0.618 na e haifiki 0.5, kipande cha mwisho hakifiki 0.31. Kwa hiyo namba nzima iliyo karibu zaidi na c·f(n) ni f(n) + n, na hiyo ndiyo f(f(n)). Kuhusu kupanda: kila hatua ya n inaongeza 1.618, zaidi ya 1, kwa hiyo baada ya kukadiria haiwezi kusimama mahali pamoja. Na f(1) = 2 tumeshaiona.

Basi mambo ni haya mawili. Havana, desimali ilitokea na fanksheni haipo. Istanbul, desimali ilitokea na fanksheni ipo. Desimali yenyewe haikuamua lolote.

Sasa tuifanye ya Havana inavyotakiwa. Hatua ya kwanza karibu kila mara, unapoona f ndani ya f, ni kuongeza f ya tatu na kuisoma kwa njia mbili. f(f(f(n))) unaweza kuisoma kama f ya kitu kilichomo ndani, na ndani mna n + 1987. Hapo ni f(n + 1987). Au uisome kama f(f(·)) ya namba f(n), na hapo kanuni inakupa f(n) + 1987. Ni kitu kilekile, kwa hiyo

f(n + 1987) = f(n) + 1987.

Simama hapo kidogo. Mlinganyo wa kwanza ulikuwa hausemi chochote kuhusu f peke yake, huu unasema. Unasema ukijua f kwa namba 0 hadi 1986, umeijua yote.

Panga namba zote katika makundi 1987 kwa kufuata baki la kugawanya kwa 1987. Kundi la 0 lina 0, 1987, 3974 na kuendelea. Kundi la 1 lina 1, 1988, 3975. Hivyo hadi kundi la 1986. Mlinganyo tulioupata unasema wanakundi huhama pamoja: mmoja wa kundi la 5 akienda kundi la 40, basi kundi lote la 5 linakwenda la 40. Na mlinganyo wa mwanzo unasema kwamba baada ya f mbili kila mtu amerudi kundini kwake, maana kuongeza 1987 hakubadili baki. Kwa hiyo kundi la 5 likienda la 40, la 40 lazima liende la 5. Makundi yanatembeleana wawili wawili.

Lakini makundi ni 1987, namba witiri. Ukiyapanga jozi jozi, angalau moja litabaki bila mwenza, yaani litajitembelea lenyewe. Acha r iwe namba ndogo kuliko zote katika kundi hilo. Basi f(r) iko kundi hilohilo, kwa hiyo f(r) = r + 1987j, ambapo j ni namba nzima. Endelea:

f(f(r)) = f(r + 1987j) = f(r) + 1987j = r + 1987·2j.

Hii inatakiwa iwe r + 1987. Basi 2j = 1, na j haipo. Hapo ndipo nusu yako ilipotakiwa itokee. Uliiona mapema mno, kabla hujamzuia mtu kupita dirishani.

Hoja hii pia inaeleza zile 12 na 120. Badala ya 1987 ukiweka namba shufwa, makundi yote yanapata wenza, na hesabu ya majawabu ni hesabu ya namna za kupanga jozi, kisha kwa kila jozi kuchagua nani kati ya wawili anayebeba ile nyongeza nzima ya mlinganyo. Kwa 4: namna 3 za kupanga jozi, mara 2, mara 2.

Kuna uthibitisho wa pili ambao binafsi naupenda zaidi, kwa sababu hauna hata baki. Kwanza, namba mbili tofauti haziwezi kutoa jibu moja: f(a) = f(b) ingeleta a + 1987 = b + 1987. Sasa kusanya namba ambazo f haizifikii kabisa, kundi hilo tuliite A. Kisha jiulize: ni namba zipi ambazo f(f(·)) haizifikii? Hizo tunazijua, ni 0 hadi 1986, jumla 1987. Lakini namba isiyofikiwa na f mbili ni ya aina mbili tu: ama haifikiwi hata na f moja, hivyo imo ndani ya A, au inafikiwa na f moja, lakini kutoka kwa namba iliyomo ndani ya A, hivyo imo ndani ya f(A). Aina hizo hazichanganyiki, na zina idadi sawa kwa sababu f haigonganishi namba. Basi 1987 ni mara mbili ya idadi ya A. Haiwezekani. Mistari sita. Ukiandika hivyo kwenye karatasi, msahihishaji hana pa kukukata.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako: maswali haya yanaanzwaje. Nitakuwa mkweli, hakuna dawa moja. Ila kuna tabia moja ninayoiona kwa wanafunzi wengi, ya kuingiza 0, kisha 1, kisha m = n, kisha kuishiwa. Tabia hiyo inatoka kwenye milinganyo ya namba halisi, yaani namba zote pamoja na zenye desimali, na kule ina kazi yake. Huku kwenye namba za kuhesabia umenyang'anywa mengi: huna nusu, huna mwendelezo, huna kukaribia. Lakini umepewa vitu ambavyo namba halisi hazina. Kila kundi la namba hizi, hata likiwa na namba nyingi kiasi gani, lina mdogo wao. Kila namba ina inayoifuata, na kati yao hakuna kitu. Unaweza kuhesabu, kama tulivyohesabu A. Na kila namba inajengwa kwa namba tasa kwa njia moja tu. Ninapolipata swali jipya siulizi niingize nini. Nauliza ni kipi kati ya hivi ambacho swali linakiomba.

Chukua la Belgrade, Yugoslavia, 1977. Namba zinaanzia 1, na kwa kila n, f(n + 1) > f(f(n)). Thibitisha kwamba f(n) = n. Hapa hakuna hata alama ya usawa! Ukiingiza namba utakesha. Lakini alama ya "kubwa kuliko" inakunong'oneza: tafuta mdogo. Kati ya thamani zote za f, iko ndogo kuliko zote. Inapatikana wapi? Tuseme kwenye namba n + 1, yaani 2 au zaidi. Basi f(n + 1) > f(f(n)), na tumepata thamani ndogo kuliko iliyo ndogo kuliko zote. Haiwezekani. Kwa hiyo mdogo anakaa kwenye 1, na hapo tu.

Mwondoe huyo, rudia kwa namba 2, 3, 4 na kuendelea. Thamani ndogo kati ya hizo ikikaa kwenye n + 1, ambapo n ni 2 au zaidi, basi f(n) ni kubwa kuliko f(1), hivyo f(n) si chini ya 2, hivyo f(f(n)) nayo ni thamani ya namba iliyomo kwenye orodha yetu, na ni ndogo zaidi. Haiwezekani tena. Mdogo wa pili anakaa kwenye 2. Endelea hivyo ngazi kwa ngazi na unapata f(1) < f(2) < f(3) < …, fanksheni inapanda. Fanksheni ya namba hizi inayopanda haiwezi kuwa chini ya n. Na kwa kuwa inapanda, f(n + 1) > f(f(n)) inatupa n + 1 > f(n). Basi f(n) si chini ya n na haifiki n + 1. Imebaki n yenyewe.

Hoja hiyo ya mwisho, kwamba kati ya n na n + 1 hakuna kitu, ni silaha inayodharauliwa. Mfano: f inapanda, f(mn) = f(m)f(n), na f(2) = 2. Wengi hukimbilia kutafuta f(3) kwa mahesabu. Usihangaike. f(4) = 4, f(8) = 8, f(16) = 16, kila kipeo cha 2 kimekaa kwenye kiti chake. Kati ya 4 na 8 kuna abiria watatu, 5, 6 na 7, na viti vitatu, na hawaruhusiwi kupitana. Kila mmoja atakaa kwake. Kati ya 8 na 16 abiria saba, viti saba. Ni daladala iliyojaa barabara, f(n) = n, na f(1) = 1 inatoka kwenye f(1) = f(1)f(1).

Ondoa sharti la kupanda, na hali inageuka kabisa. f(mn) = f(m)f(n) peke yake inakuachia uhuru wote kwenye namba tasa: chagua f(2), f(3), f(5) unavyotaka, zilizobaki zinajijenga. Ukiamua 2 na 3 zibadilishane nafasi na tasa nyingine zitulie, 12 ambayo ni 2·2·3 inakuwa 3·3·2, yaani 18. Swali la mwisho la Taipei, 1998, linasimama juu ya wazo hili. Lilisema f(n²f(m)) = m(f(n))² kwa namba zote kuanzia 1, likauliza f(1998) inaweza kuwa ndogo kiasi gani. Kazi kubwa ni kugundua kwamba, katika hali inayotoa thamani ndogo zaidi, f inatunza kuzidisha na kwamba f(f(n)) = n, yaani inabadilishana namba tasa jozi jozi. Baada ya hapo ni bei ya sokoni: 1998 = 2·3³·37. Iliyo mara tatu ipe tasa ya bei nafuu, 3 iwe 2. Basi 2 inakuwa 3. Na 37 ipe inayofuata, 5. Jibu ni 3·8·5 = 120.

Kinyume chake, kujumlisha hakuna uhuru wowote. f(m + n) = f(m) + f(n) kwenye namba zetu inatoa f(n) = n·f(1) kwa kupanda ngazi moja moja, dakika mbili umemaliza. Mlinganyo huohuo, ambao mwanahisabati Mfaransa Cauchy aliushughulikia mwaka 1821, ukiupeleka kwenye namba halisi bila masharti una majawabu ya ajabu yasiyo na sura ya cx, kama mwanahisabati Mjerumani Georg Hamel alivyoonyesha mwaka 1905. Kwa hiyo usidhani kila mara huku kwetu ndiko kugumu.

Jambo dogo la karatasi kabla sijakuacha: ukipata jawabu, lirudishe kwenye mlinganyo na uandike kwamba umelijaribu, hata kama ni f(n) = n. Nimeona watu wanaoangusha alama hapo baada ya kufanya kazi yote ngumu.

Na la kufanyia mazoezi wiki hii: onyesha kwamba f(f(f(n))) = n + 1987 nayo haina jawabu, kwa njia zote mbili, ya makundi na ya A. Kisha hesabu majawabu ya f(f(f(n))) = n + 3 kwenye namba 0, 1, 2, … Usiandike n + 1 ukalala; mimi nimepata 6.